Usiue Seva ya Mteja! Hivi Ndivyo Unaweka na Kupanga Matoleo ya Python, Node na PHP

Leo tunachanuana kuhusu kitu kinachotesa madevelopa wengi wanaoanza: matoleo ya lugha za programu kwa seva.

Tuseme umeshika kazi ya tovuti ya kubuku vyumba kule Watamu. Agosti Waitaliano wanajaa, Disemba watu wa bara wanashuka pwani. Siku moja unaingia kwa seva, unasasisha kila kitu kwa mpigo, ukidhani unafanya usafi. Dakika mbili baadaye tovuti imekuwa karatasi nyeupe. Mgeni hangoji, anabofya hoteli ya jirani. Mteja anapoteza doo, wewe unapoteza mteja. Na kwa msimbo wako hukugusa hata herufi moja. Kilichobadilika ni toleo la lugha chini yake.

Form ni hii: kila mradi ubebe toleo lake, toleo la mfumo uliache lilivyo, na la zamani usilitoe mpaka jipya lionyeshe kazi. Wazee walishasema usiache mbachao kwa msala upitao. Soma polepole, kisha weka hii link mahali utaipata siku ya ngori.

TOLEO NI NINI, NA MBONA LINALETA SHIDA?

Ukiona Python 3.12.4, namba ya mwisho ni marekebisho madogo, mara nyingi ya usalama. Hiyo unasasisha bila uoga mwingi. Namba ya kati ndiyo ya kuangalia, maana hapo vitu vinaweza kutolewa kabisa. Python 3.12 ilitoa distutils, na maktaba za zamani zilizoitegemea zikagoma. Kwa Node namba ya kuogopa ni ya kwanza: kutoka 18 kwenda 22 ni safari. Kwa PHP, toleo la 7.0 la mwaka 2015 lilitoa mysql_connect, na tovuti zilizokuwa zikiitumia zikalala hapo hapo.

Unadhani ni mambo ya vijana wa tovuti pekee? Cheki hii. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilipaa kwa mara ya kwanza na ikalipuka hata dakika moja haijaisha. Kipande cha programu kilikuwa kimetolewa kwa Ariane 4, ambako kilikuwa kimefanya kazi fiti. Ariane 5 ilikuwa na kasi tofauti, namba ikawa kubwa kuliko nafasi iliyowekewa, na kompyuta za kuelekeza roketi zikazima. Msimbo ni ule ule, mazingira ndiyo mapya. Baadaye waliinyorosha hadi Krismasi ya 2021 Ariane 5 ikabeba darubini ya James Webb, na kituo cha Malindi, hapo Ngomeni, kikawa kati ya vya kwanza kudaka ishara yake. Kwa hivyo ukisema "lakini kwangu ilikuwa inafanya", jua watu wa roketi walishasema hivyo kabla yako.

TAREHE ZA KUWEKA KICHWANI

Kila toleo lina siku ya kuzikwa. Likizikwa, hakuna anayeziba mashimo yake tena, na wezi wa mtandao wanajua hivyo.

Python 2 ilizikwa tarehe 1 Januari 2020. Python 3.8 ilienda Oktoba 2024, 3.9 ikafuata Oktoba 2025. Kila toleo la Python 3 hupewa karibu miaka 5, kwa hivyo 3.12 iko hadi Oktoba 2028.

Node 16 iliisha Septemba 2023, Node 18 ikaisha 30 Aprili 2025. Node 18, 20, 22 na 24 zote ni za LTS, yaani za msaada mrefu. Kwa seva ya mteja chukua LTS ambayo bado iko hai, achana na matoleo ya kujaribiwa.

PHP 7.4 ilizikwa 28 Novemba 2022. PHP 8.3 inalindwa hadi mwisho wa 2027.

Mbona ujali? Kwa sababu tovuti ya hoteli inabeba majina, namba za simu, pengine hata picha za pasipoti za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka anayeshika data ya watu ailinde. Toleo lililozikwa ni mlango bila komeo.

KWANZA, JUA UKO NA NINI

Ingia kwa seva kwa SSH na usitumie akaunti ya root kwa kazi ya kila siku. Kuwa na mtumiaji wa kawaida mwenye sudo. Hapa tunatumia Ubuntu kwa sababu ndiyo wengi hukodisha. Piga hizi:

lsb_release -a
python3 --version
node --version
php -v
type -a python3

Ya mwisho inakuonyesha kila python3 iliyo kwa njia yako na iko wapi. Andika majibu mahali. Ubuntu 20.04 inakuja na Python 3.8 na PHP 7.4. Ubuntu 22.04 inakuja na Python 3.10 na PHP 8.1. Ubuntu 24.04 inakuja na Python 3.12 na PHP 8.3. Sasa unaona mbona kuhamisha tovuti kutoka seva ya 20.04 hadi 24.04 bila mpango ni kama kubadilisha injini ya boti ukiwa katikati ya Mida Creek na abiria wamekaa.

Kitu kingine kabla uanze: intaneti yetu. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikatambaa. Hata bila hiyo, stima inapotea, bando inaisha. Ukiwa katikati ya kuweka kitu na SSH ikatike, kazi inaweza kufa nusu. Dawa ni tmux:

sudo apt update
sudo apt install tmux
tmux new -s kazi

Ukikatika, ingia tena na upige tmux attach -t kazi. Utaikuta kazi ikiendelea kama hukuenda popote. Na habari njema: vitu seva inavyoshusha vinatumia mtandao wa seva. Bando yako inapeleka maandishi tu.

SHERIA YA KWANZA: PYTHON YA MFUMO SI YAKO

Hapa ndipo wengi huangukia. Unaona Ubuntu iko na 3.10, wewe unataka 3.12, unaenda kubadilisha /usr/bin/python3 ielekee toleo jipya. Manze, usifanye hivyo! Ubuntu yenyewe ina vifaa vilivyoandikwa kwa Python, kama add-apt-repository. Vinataka toleo walilozaliwa nalo. Ukiwabadilishia, vinaanza kulia, na ukijaribu kuiondoa hiyo Python kabisa, apt itabeba nusu ya mfumo nayo.

Ndiyo maana kwa Ubuntu 24.04 ukipiga pip install nje ya mazingira maalum unapata ujumbe externally-managed-environment. Wengine hukimbilia --break-system-packages. Soma hilo jina tena. Limejieleza.

Njia safi ni hizi tatu.

Ya kwanza, kama toleo la mfumo linakutosha, jenga chumba cha mradi:

sudo apt install python3-venv
cd ~/vyumba
python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
pip install -r requirements.txt

Kila kitu unachoweka kinakaa ndani ya .venv. Mradi mwingine hauoni. Chumba hiki hakihamishwi: ukibadilisha folda au seva, kifute na ujenge kingine kutoka requirements.txt.

Ya pili, unataka toleo lingine na una ruhusa ya sudo. Tumia hazina ya deadsnakes:

sudo add-apt-repository ppa:deadsnakes/ppa
sudo apt update
sudo apt install python3.11 python3.11-venv
python3.11 -m venv .venv

Ona vile jina ni python3.11. Inakaa kando ya ile ya mfumo na hazigusani.

Ya tatu, hauna sudo, ama unataka matoleo mengi. Hapo kuna pyenv na uv. Pyenv inajenga Python kutoka mwanzo, kwa hivyo inataka vifaa vya ujenzi kama build-essential, libssl-dev, zlib1g-dev, libffi-dev na libsqlite3-dev. Hivyo ni vya kuwekwa na mwenye sudo. Ukisahau libssl-dev, baadaye pip haitaweza kuongea na tovuti salama na utashinda ukitafuta mchawi. Kama vipo:

curl -fsSL https://pyenv.run | bash
pyenv install 3.11
pyenv local 3.11

Kisakinishi kitakuonyesha mistari ya kuongeza kwa .bashrc. Iweke, utoke, uingie tena, ndio pyenv ionekane. Amri ya pyenv local inaandika faili inaitwa .python-version ndani ya folda ya mradi. Ukiingia hiyo folda, toleo linabadilika lenyewe.

Uv yenyewe inashusha Python iliyojengwa tayari, kwa hivyo ni mwepesi zaidi kwa seva ndogo:

curl -LsSf https://astral.sh/uv/install.sh | sh
uv python install 3.11
uv venv --python 3.11

Seva yako ya bei ya chini ina RAM ya GB 1 ama chini na ujenzi wa pyenv unakufa ghafla? Mara nyingi ni kumbukumbu imeisha. Mwenye sudo aongeze swap:

sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

NODE: NVM, NA MTEGO WAKE

Node ya apt huwa ya kale. Ubuntu 22.04 inakupa Node 12, ambayo ilizikwa zamani. Tumia nvm. Chukua mstari wa kuweka kutoka ukurasa wa nvm-sh/nvm kule GitHub ili upate toleo la sasa, kisha:

nvm install 22
nvm alias default 22
echo 22 > .nvmrc

Siku ingine ukiingia folda ya mradi unapiga nvm use peke yake, inasoma .nvmrc.

Sasa mtego. Unaseti kila kitu, apu inakimbia, unafunga laptopu ukaenda zako ufuo wa Bofa. Seva ikijiwasha upya usiku, apu haisimami tena. Mbona? Nvm inaishi ndani ya terminali yako. systemd na cron hazisomi .bashrc yako, kwa hivyo hazijui nvm ni mdudu gani. Piga:

nvm which 22

Itakupa njia kamili, kitu kama /home/wewe/.nvm/versions/node/ ikifuatwa na toleo kamili, kisha bin/node. Hiyo njia nzima ndiyo unaweka kwa ExecStart ya faili ya systemd. Ukibadilisha toleo baadaye, kumbuka kubadilisha huo mstari pia.

Sheria hiyo hiyo inahusu Python. Kwa cron ama systemd, andika /home/wewe/vyumba/.venv/bin/python. Hauhitaji kupiga activate. Ukiita python ya ndani ya chumba moja kwa moja, inajua maktaba zake ziko wapi.

Na sudo pia ina kisirani chake. sudo node itakuambia command not found ama itakupa Node tofauti, kwa sababu sudo inatumia njia zake. Kama apu yako inaomba sudo ndiyo ikimbie, rekebisha ruhusa za folda kwanza.

PHP: TOVUTI MBILI, MATOLEO MAWILI, SEVA MOJA

Huku pwani tovuti nyingi za hoteli, safari za majini na maduka ni WordPress, kwa hivyo PHP haukwepi. Uzuri ni kwamba PHP inakubali matoleo kukaa pamoja bila vita. Ongeza hazina ya ondrej:

sudo add-apt-repository ppa:ondrej/php
sudo apt update
sudo apt install php8.1-fpm php8.1-mysql
sudo apt install php8.3-fpm php8.3-mysql

Kila toleo linapata soketi yake ndani ya /run/php. Kwa faili ya Nginx ya tovuti ya zamani unaandika:

fastcgi_pass unix:/run/php/php8.1-fpm.sock;

Kwa ile mpya unaandika php8.3-fpm.sock. Kisha:

sudo nginx -t
sudo systemctl reload nginx

Usiruke nginx -t. Inakuambia kama umesahau nukta mkato kabla haijaangusha tovuti zote.

Watu wengi hupiga sudo update-alternatives --config php, wanaona php -v imebadilika, wanashangilia. Tovuti bado inatumia toleo la kale! Hiyo amri inabadilisha PHP ya terminali pekee. Ya tovuti inaamuliwa na ule mstari wa fastcgi_pass. Na kumbuka kila toleo lina viongezo vyake: php8.1-mysql haisaidii PHP 8.3 hata kidogo.

KAMA LUGHA NI NYINGI, TUMIA CHOMBO KIMOJA

Uko na Python, Node na Ruby kwa seva moja na umechoka kukumbuka pyenv, nvm na rbenv? Kuna asdf na mise. Zote mbili zinasoma faili moja, .tool-versions, ambapo kila mstari ni jina la lugha na toleo lake. Kwa mise unapiga mise use node@22 na mise use python@3.11, na imeandika yenyewe, kwa faili yake inayoitwa mise.toml. Chagua moja na ukae nayo. Kuchanganya nvm na mise kwa akaunti moja ni kuita ngori.

FUNGA NA MAKTABA PIA

Toleo la lugha ni nusu ya hadithi. Maktaba nazo zinabadilika. Kwa Python andika matoleo kamili kwa requirements.txt kupitia pip freeze. Kwa Node weka package-lock.json kwa git, na kwa seva piga npm ci badala ya npm install. Kwa PHP weka composer.lock, kisha composer install. Hivi laptopu yako na seva zinakula sahani moja.

Hii si ya tovuti tu. Kilifi mjini kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989, na wakati wa korona wanasayansi wake walisoma jenomu za virusi. Kwa kazi ya aina hiyo, mtu akirudia hesabu mwaka kesho lazima apate jibu lile lile, na bila matoleo kuandikwa hawezi. Kama unasoma Chuo Kikuu cha Pwani na unaota kazi ya data, anza tabia hii sasa. Ukiingia kazini na faili safi ya matoleo, wataona umeiva.

SIKU YA KUHAMA: FUATA HIZI HATUA

1. Weka bakapu ya faili na hifadhidata, na uishushe nje ya seva. Bakapu iliyo kwa seva ile ile inazama na meli.
2. Weka toleo jipya kando ya la zamani. Usitoe kitu.
3. Nakili tovuti kwa anwani ndogo ya majaribio, iendeshe na toleo jipya.
4. Jaribu vitu vinavyoleta pesa: kubuku, malipo ya M-Pesa kwa mazingira ya majaribio, barua pepe kwa mteja. Ukurasa wa mbele kufunguka hakutoshi.
5. Soma logi. Onyo la leo kuhusu kitu kinachoachwa ndilo kosa la toleo lijalo.
6. Badilisha saa ya watu wachache, na kamwe si Ijumaa jioni ama wiki ya Krismasi. Ikigeuka noma, rudisha ule mstari mmoja uliobadilisha. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, kwa hivyo njia ya kurudi iwe wazi.
7. Ngoja wiki mbili hivi. Ikitulia, ndio sasa utoe toleo la zamani.

IKIKATAA, ANZIA HAPA

Command not found baada ya kuweka nvm ama pyenv: .bashrc haijasomwa. Toka uingie tena.

Inafanya kwa terminali lakini haifanyi kwa cron: andika njia kamili.

ModuleNotFoundError na uliweka maktaba: uko kwa Python tofauti. Piga which python, kisha uweke kwa python -m pip install ili uwe na uhakika ni Python gani inapokea.

Ukurasa wa 502 kwa Nginx: soketi iliyoandikwa haipo ama PHP-FPM imelala. Piga sudo systemctl status php8.3-fpm.

Bei ya seva unaweza kumtajia mteja na akailipa. Lakini pia mwandikie bei ya kuitunza: mara moja kila miezi mitatu unaangalia tarehe za kuzikwa, unajaribu, unahamisha. Weka hiyo kwa mkataba kabla uguse kibodi, maana kazi ya kuzuia ngori ndiyo wateja husahau kulipa. Kama uko na seva inakimbia saa hii, ifungue, piga zile amri tano za kwanza, uone ni toleo gani limebaki na miezi michache. Umepata Node 18 ama PHP 7.4? Basi kazi yako ya wikendi ishapatikana.